Mabonde, uwanda na madimbwi ya masika yapimwe kabla ya viwanja

Ndugu Mhariri,

Assalaamu alaykum. Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili nizungumzie jambo ambalo, kwa maoni yangu, halijapata uzito unaostahiki katika mijadala yetu ya ardhi. Kila panapopangwa viwanja vipya au mradi mpya, ramani inayowekwa mezani huonesha barabara, misitu ya hifadhi, mikarafuu na minazi. Lakini bonde linalojaa maji wakati wa masika, dimbwi linalokauka kiangazi na uwanda wa majani unaochungwa ng'ombe huachwa vyeupe, kana kwamba hapo hapana kitu. Ninachoomba ni kwamba maeneo hayo yapimwe, yaandikwe kwa majina ambayo wenyeji wanayaita, na yawekewe mipaka kisheria kabla viwanja havijayafikia, kwa sababu yakishajazwa kifusi hayarudi tena.

Ardhi ya Unguja haifanani pande zote. Upande wa magharibi na katikati kuna udongo mzito wenye rutuba, na huko ndiko kwenye mikarafuu, minazi na miembe. Upande wa mashariki na kusini ni maweni, jiwe la matumbawe lililofunikwa na udongo haba. Baina ya pande hizo, kuanzia Cheju kuelekea Jozani, na katika mabonde kama ya Kibokwa, Kinyasini na Bumbwisudi, ipo ardhi ya chini ambayo mvua kubwa huigeuza ikawa maji, na pembezoni mwake upo uwanda wa majani na vichaka vifupi. Pemba nako, kisiwa cha vilima, kuna mabonde membamba mengi yanayoshuka kutoka mashambani hadi kwenye mikoko. Msitu wa Jozani wenyewe umesimama juu ya maji: mvua zikishamiri, maji ya ardhini hupanda na kutuama baina ya mashina ya mitondoo na michikichi, na ndiyo maana ukaota msitu wa aina hiyo mahali hapo na si kwengine. Kwa hiyo mtu akisema tunalinda Jozani, huku ardhi ya chini inayopakana nao inakatwakatwa vipande, anazungumzia kuta za nyumba bila ya msingi.

Nianze na kiumbe mdogo kabisa, kwa kuwa ndiye anayenihuzunisha zaidi ninapoona hatajwi popote. Katika madimbwi na mifereji ya mabonde ya Unguja anaishi samaki ambaye wataalamu wanamwita Nothobranchius guentheri, na alielezwa kitaalamu mara ya kwanza mwaka 1893. Urefu wake haufiki kidole cha mtu mzima. Dume lake lina mwili wa rangi ya buluu na kijani na mkia mwekundu, na ukimuona katika maji safi hutaamini kuwa ametoka katika dimbwi ambalo ng'ombe wamekunywa asubuhi. Maisha yake yamefungwa na mvua zetu. Masika ikijaza dimbwi, mayai yaliyokuwa yamelala ndani ya udongo mzito huanguliwa; wiki chache baadaye samaki huwa amekwishakomaa na kuanza kutaga, naye hutaga ndani ya udongo huo huo; dimbwi likikauka, wazazi wote hufa, na mayai hubaki yakingojea mvua nyengine. Samaki huyu hapatikani mahali pengine popote duniani isipokuwa kisiwa cha Unguja. Wafugaji wa samaki wa mapambo wa Ulaya na Marekani wanamjua vizuri na hupeana mayai yake, na wanasayansi humfuga maabara ili kuchunguza jinsi mwili unavyozeeka, kwa kuwa umri wake ni mfupi na mabadiliko yake huonekana upesi. Sisi tulio majirani zake, wengi wetu tunaliruka dimbwi lake tukielekea kwengine.

Samaki huyu anahitaji dimbwi linalojaa na kukauka. Bwawa la kudumu halimfai, kwa kuwa maji ya kudumu hukaliwa na samaki wakubwa wanaomla. Na dimbwi lililojazwa kifusi ndiyo mwisho wa kizazi chake chote cha mahali pale, kwani yai lililo chini ya mita nzima ya kifusi halina mvua ya kulifikia. Najua wapo watakaosema madimbwi yanaleta mbu. Hoja hiyo ina haki yake, hasa kwetu sisi ambao tumepiga hatua kubwa dhidi ya malaria na hatutaki kurudi nyuma. Lakini samaki huyu hula viluwiluwi vya mbu, na dimbwi hai lenye samaki, vyura na kereng'ende halilingani na shimo lililochimbwa mchanga likaachwa, au mtaro ulioziba takataka, ambamo mbu huzaliana bila ya adui yeyote. Nashangaa kwamba dimbwi la asili ndilo linaloandamwa kwanza, na shimo la mchanga linasamehewa.

Jambo la pili ni maji ya kunywa, na hapa naomba wasomaji wanivumilie kidogo kwa sababu watu wengi hawajawahi kuelezwa jinsi maji yetu yanavyokaa. Hatuna mto mkubwa wala ziwa la kututosheleza. Maji tunayokunywa Unguja na Pemba, yawe ya bomba, ya kisima au ya chemchem, ni mvua iliyozama ardhini. Kisiwa kimezungukwa na bahari juu na chini, maana maji ya chumvi hupenya katika mwamba hadi chini ya miguu yetu, na maji baridi, kwa kuwa ni mepesi zaidi, huelea juu ya yale ya chumvi ndani ya ardhi. Wataalamu wana kanuni ya zamani kuhusu hali hii: kwa kila mita moja ambayo maji baridi ya ardhini yamepanda juu ya usawa wa bahari, chini yake kuna takriban mita 40 za maji baridi kabla ya kufika kwenye chumvi. Maana yake ni nzito kuliko inavyosikika. Kiwango cha juu kikishuka kwa mita moja tu, iwe kwa kuvuta maji kupita kiasi au kwa kuizuia mvua isizame, baada ya muda mpaka wa chumvi huweza kupanda kwa mita 40.

Sasa tujiulize mvua huzama wapi. Juu ya bati na lami haizami. Huteremka mtaroni na kuishia baharini ndani ya saa chache. Juu ya mteremko mkali huzama kidogo. Mahali inapozama vizuri ni pale inapopata muda wa kutulia: bondeni, uwandani penye majani, dimbwini, na kwenye ukingo wa maweni ambako maji huingia katika nyufa na mapango ya jiwe. Baadhi ya vijito vyetu havifiki baharini kwa juu. Vinapokutana na maweni huzama na kuendelea na safari chini kwa chini. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alipowaletea watu wa mjini maji kwa mabomba kutoka chemchem za upande wa Bububu, alitegemea mvua iliyokuwa imezama katika ardhi iliyo wazi. Zama zile watu walikuwa wachache. Sensa ya mwaka 2012 ilitukuta watu 1,303,569, na ya mwaka 2022 ikatukuta 1,889,773. Ongezeko la karibu watu 600,000 katika miaka kumi, juu ya visiwa ambavyo eneo lake lote halifiki kilomita za mraba 3,000, ni sababu ya kuongeza ulinzi wa mahali mvua inapozama, ingawa mara nyingi idadi hiyo hiyo hutumiwa kuhalalisha kupajaza.

Wakazi wa mjini wameshaonja upande wa pili wa jambo hili. Viwanja vya Mnazi Mmoja, ambavyo zamani vilikuwa sehemu ya mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, bado huingia maji bamvua kubwa inapokuja. Mwanakwerekwe na Sebleni, ambako maji yalikuwa na makaazi yake kabla ya watu, masika kubwa imewatoa watu majumbani mwao zaidi ya mara moja. Maji hayasahau njia yake. Gharama za mitaro mikubwa, za pampu na za kuwasaidia waathirika zote ni gharama za kuchukua bonde bila ya kujua kazi iliyokuwa ikifanywa na bonde lile.

Kuhusu ndege na wanyama nitasema machache, si kwa kuwa ni kidogo bali kwa kuwa msomaji anaweza kwenda kujionea mwenyewe. Bondeni Cheju, mpunga ukiwa mchanga, kuna yangeyange, korongo, kuku ziwa na sile maua anayetembea juu ya majani ya mayungiyungi. Kwenye tope la Ghuba ya Chwaka, kuanzia mwezi wa Septemba, huteremka vitwitwi waliotoka kuzaa kaskazini ya mbali, Ulaya na Siberia, na hukaa nasi mpaka karibu na Aprili. Mikoko ya ghuba hiyo, ambayo ndiyo msitu mkubwa kabisa wa mikoko Unguja, ni mahali wanapokulia kaa na samaki wachanga wa aina nyingi wanaovuliwa nje baadaye, na kwa muda mrefu imekatwa kwa boriti, kwa makaa na kwa kuchomea chokaa. Kima punju, ambaye naye asili yake si kwengine ila Unguja na visiwa vidogo vya jirani, huingia mikokoni kula majani, na hivyo mikoko ni sehemu ya riziki yake sawa na msitu wa nchi kavu. Nisiwasahau akina mama wanaosuka mikeka: mkindu hupenda ardhi yenye unyevu, na ukindu mzuri haupatikani mahali palipojengwa.

Mhariri, ningependa sasa kuwaeleza wasomaji mambo ya nchi ya mbali, kwa kuwa yamenifunza kuliko hotuba nyingi. Katikati ya Marekani kulikuwa na nyanda kubwa za majani, ambazo wenyewe huziita prairi. Sehemu yake ya majani marefu peke yake ilikadiriwa kuwa na hekta milioni 68 hivi. Majani yake yaliweza kumficha mtu, na mizizi ya baadhi yake ilishuka mita mbili na zaidi ardhini, ikishika udongo na kuhifadhi maji. Walowezi walipofika, wengi wao waliiona ni ardhi tupu kwa kuwa haikuwa na miti. Kuanzia mwaka 1837, John Deere, fundi chuma wa Illinois, alipotengeneza jembe la chuma cha pua lililoweza kukata udongo ule mzito bila ya kunata, kazi ya kuilima ikawa nyepesi. Leo haijabaki hata sehemu nne katika mia ya prairi ya majani marefu. Kipande kikubwa kilichosalia kipo katika vilima vya Flint Hills vya Kansas, na kilisalia kwa sababu moja tu: chini ya udongo haba kuna jiwe gumu, jembe likashindwa kupita, na wenyeji wakaendelea kuchunga ng'ombe. Sisi tunaojua maweni tunaielewa sababu hiyo bila ya mkalimani. Lakini jiwe linazuia jembe. Halizuii tingatinga wala nyumba, na wala tusitegemee kwamba maweni na uwanda wetu utajilinda wenyewe.

Madimbwi na vinamasi vya nchi hiyo navyo vilikaushwa. Kuanzia miaka ya 1780 mpaka miaka ya 1980, majimbo 48 ya Marekani yaliyo pamoja yalipoteza zaidi ya nusu ya ardhi oevu yake, na katika jimbo la Iowa ilipotea karibu tisa ya kumi. Korongo mweupe mkubwa wa Amerika ya Kaskazini alifikia hali ambayo mwaka 1941 walibaki 21 tu porini. Hapo ndipo historia inapogawika njia mbili. Kuanzia mwaka 1934 sheria iliwataka wawindaji wa bata kununua stempu kila mwaka, na fedha za stempu hiyo zikatumika kununua na kukodi vinamasi ili vibaki vinamasi. Mpaka sasa zimelinda zaidi ya hekta milioni mbili. Korongo yule alilindiwa mahali anapozaa Kanada na mahali anapokaa majira ya baridi Texas, na leo katika kundi linalohama baina ya sehemu hizo mbili peke yake wapo zaidi ya 500. Nyanda za majani, kinyume chake, hazikupata sheria wala fedha kwa kiasi hicho. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2019 ulionesha kwamba tangu mwaka 1970 bata na mabukini wa Amerika ya Kaskazini wameongezeka kwa zaidi ya nusu, ilhali ndege wa nyanda za majani wamepungua kwa zaidi ya nusu. Wote ni ndege wa bara moja, chini ya hali ya hewa moja na serikali zile zile. Kilichowatenganisha kwa sehemu kubwa ni kwamba makaazi ya wa kwanza yalipimwa, yakathaminiwa na kulipiwa, na makaazi ya wa pili yakaendelea kuhesabiwa kuwa ardhi inayongoja kutumiwa.

Hatuhitaji kwenda Marekani kupata ushahidi kwamba ulinzi unafanya kazi. Popo mkubwa wa Pemba, mla matunda ambaye hayupo kokote ila Pemba, alikuwa akiwindwa kwa ajili ya kitoweo hadi mwishoni mwa miaka ya 1980 ikahofiwa atatoweka. Wanavijiji wa Kidike na kwengineko walipoamua kulinda miti anayolala, mingi yake ikiwa kwenye maziara, idadi yake ikapanda hadi kupita 20,000. Jozani na Ghuba ya Chwaka ilipotangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2004, vijiji vilivyoizunguka vilipata sehemu ya mapato ya wageni, na sensa ya kima punju iliyochapishwa mwaka 2019 iliwakuta zaidi ya 5,800, zaidi ya mara tatu ya walivyodhaniwa kuwa. Kisiwani Misali masheikh na wavuvi walikaa pamoja wakazungumza uhifadhi kwa lugha ya dini, na maneno hayo yakafika mahali ambapo mabango hayakufika. Tunaweza, basi. Tatizo ni kwamba tumeonesha uwezo wetu kwa msitu, kwa kisiwa na kwa mnyama mwenye jina, na bado hatujaonesha kwa bonde na uwanda.

Najua jibu nitakalopewa, nalo si jibu dogo. Vijana wanaoa, wanahitaji nyumba, na ardhi haiongezeki. Nchi inaagiza sehemu kubwa ya mchele wake kutoka nje, na kila bonde linalolimwa kwa umwagiliaji ni ahueni kwa taifa. Mimi mwenyewe ni mkulima wa mpunga na siwezi kusimama upande wa wanaotaka bonde liwe makumbusho. Lakini hapa lazima tutenganishe mambo mawili. Bonde la mpunga ni ardhi oevu inayofanya kazi: maji yanatuama, ndege wanakuja, mvua inazama, watu wanakula. Likilimwa kwa busara, dawa za kuulia wadudu zikapunguzwa na kingo zake zikaachwa na majani badala ya kusafishwa zikawa vumbi, linaweza kuwalisha watu na kuwahifadhi viumbe kwa wakati mmoja. Bonde lililojengwa halilishi mtu wala ndege. Mkulima wa bondeni na mhifadhi wana hasara moja wanayoikimbia, na inasikitisha kuwaona wakikaa meza tofauti.

Pemba suala hili limeshakuwa la dharura. Mabonde ya mpunga yaliyopakana na bahari yamekuwa yakiingiwa na maji ya chumvi, na wakulima wameacha vipande ambavyo wazee wao walivivuna miaka na miaka. Zipo sababu zilizo nje ya uwezo wetu, kwani bahari inapanda duniani kote. Zipo pia zilizomo mikononi mwetu: mikoko iliyokuwa ikivunja nguvu za mawimbi mdomoni mwa bonde imekatwa, na mchanga wa pwani umechukuliwa. Ngezi, msitu wa asili wa kaskazini magharibi ya kisiwa, tunaulinda na kuusifu, na ni haki yake. Lakini mkulima aliyepoteza bonde haponi kwa kuoneshwa msitu. Anahitaji mikoko irudishwe mdomoni mwa bonde lake, na anahitaji mtu wa kumwambia kitaalamu kama matuta ya kuzuia maji yatamfaa au yatamharibia jirani yake.

Sheria hatuna upungufu nazo. Sheria ya Misitu ya mwaka 1996 iliruhusu jamii kuingia mikataba ya kusimamia misitu yao, na shehia nyingi zimefanya hivyo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2015 inataka miradi ifanyiwe tathmini ya athari za mazingira. Kinachokosekana ni orodha. Mtathmini anayepelekwa mahali wakati wa kiangazi ataona uwanda mkavu na ataandika kuwa ni uwanda mkavu. Hana waraka wa kumwambia kwamba hapo ndipo maji ya shehia tatu yanapokutana mwezi wa Aprili, na kwamba ndani ya udongo ule uliopasuka kuna mayai ya samaki asiyekuwepo kwengine duniani. Napendekeza kwa hiyo kwamba taasisi za ardhi, mazingira, misitu na maji zikae pamoja na kufanya upimaji wa ardhi oevu na uwanda wa Unguja na Pemba, upimaji ufanyike masika, na masheha na wazee wa kila shehia washirikishwe, kwa kuwa wao wanajua dimbwi lipi hujaa kila mwaka na lipi hujaa mara moja kwa muda mrefu. Mpaka orodha hiyo itakapokamilika, kibali cha kumwaga kifusi bondeni kisitolewe na mtu mmoja mezani. Kijadiliwe hadharani katika shehia husika. Hili la pili linaweza kuanza kesho bila ya bajeti yoyote.

Lipo na la kimataifa. Mkataba wa kulinda ardhi oevu ulitiwa saini katika mji wa Ramsar, Iran, tarehe 2 Februari 1971, na Tanzania ilijiunga nao mwaka 2000. Imeshaorodhesha maeneo manne: Malagarasi na Muyovozi, Ziwa Natron, Bonde la Kilombero, na eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa. Hakuna hata moja la Zanzibar. Mazingira si jambo la Muungano, lakini mikataba ya nje hupitia Serikali ya Muungano, na huenda ndiyo sababu jambo hili limebaki katikati bila ya mwenyewe. Ghuba ya Chwaka na mikoko yake, msitu wa Jozani wenye maji chini yake, na bonde la Cheju linalopakana nao ni eneo moja la maji kuanzia uwandani hadi baharini, na lingestahiki kupendekezwa kwa ukamilifu wake. Kuorodheshwa hakumzuii mkulima kulima wala mvuvi kuvua. Mkataba wenyewe unasisitiza matumizi ya busara. Faida yake ni kwamba mabadiliko makubwa ya eneo huwa hayawezi tena kupita kimya kimya.

Kwa walimu wa sayansi wa skuli zetu nina ombi dogo. Wapelekeni wanafunzi kwenye dimbwi la karibu masika ijayo, wakiwa na kopo la kioo cheupe na daftari. Waandike walichokiona, tarehe, na jina la dimbwi kama linavyoitwa na wazee wa pale, kisha nakala ipelekwe kwa sheha. Baada ya miaka michache madaftari hayo yatakuwa na habari ambazo hakuna ofisi iliyonazo leo, na mtoto aliyemshika samaki mwenye mkia mwekundu mkononi mwake atakuwa shahidi mzuri siku lori la kifusi litakaposimama pembeni ya bonde lile na dereva akauliza amwage wapi.

Wasalaam,

Mkulima wa mpunga na msomaji wa gazeti lako,
Wilaya ya Kati, Unguja.